Sosi ya Baba Chiriku

Mama Chiriku alimimina sosi ya chaza kwenye kikaango, akasubiri povu litulie, akatupia vipande vya kuku na brokoli. Anafanya kazi duka la dawa, kwa hiyo maelezo ya kwenye lebo huyasoma hadi herufi ndogo za mwisho, na yote aliyafuata: moto mkali, mafuta kidogo, sosi isichemke sana. Juu ya friji zilisimama chupa alizokwisha kuzijaribu: soya nyeusi, soya nyepesi, pilipili tamu, na moja ya maharage meusi iliyonuka kama soksi lakini ikapikika vizuri.

Binti yake, Chiriku, alionja. Akatafuna, akainamisha sikio karibu na sahani.

"Tamu," alisema. "Lakini haisemi kitu."

"Kula hivyo hivyo."

"Hata kukohoa haikohoi, mama."

Hiyo ndiyo kasoro ya sosi zote za chupa. Kwa ladha, mama hakuona sababu ya kujishusha: brokoli yake ilikuwa bora kuliko ya mgahawani, ambako huichemsha mpaka inakata tamaa. Kwenye kuku walimzidi kidogo, kwa ule moshi wa moto mkubwa. Lakini chakula cha mgahawani kilikuwa na sauti ya baba Chiriku.

Baba Chiriku alikuwa mpishi kwenye mgahawa wa Kichina katikati ya mji. Tangu alipopandishwa cheo akapewa jiko kubwa, lile ambalo moto wake unanguruma kama lori likipanda mlima, hakuna aliyeweza kumsikia akiongea, naye si mtu wa kunyamaza. Maneno yakawa yanatumbukia kikaangoni. Yaligeuzwa pamoja na tambi, yakafungwa kwenye maboksi, yakaenda majumbani kwa watu. Alipofika kwake hakuwa amebakiwa na hata moja. Alivua viatu, akatabasamu, akaonyesha kwa kidole anachotaka.

Daktari alimmulika kooni kwa tochi.

"Koo zima kabisa," alisema. "Ila maneno anayamalizia kazini. Apumzike."

Kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo mama alikuwa akinunua boksi pale anapojaliwa. Wakifunua kifuniko, mvuke unatoka na baba anatoka nao: analalamika kwamba kisu chake kimechukuliwa, anamtania muosha vyombo, anapiga mluzi. Chiriku alikula polepole, kwa sababu sentensi ndefu huwa chini kabisa ya tambi. Baba mwenyewe, kama yupo, alikaa nao mezani, akajisikiliza, akacheka bila sauti kwenye utani wake. Lakini boksi la mgahawani si la kila siku. Ndiyo maana mama alihangaika na chupa.

Walikuwa bado wanakula aliposikika mtu mlangoni. Alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, mwalimu wa hesabu anayeishi peke yake.

"Hodi humu. Nina ujumbe wenu," alisema. "Jana niliagiza tambi za kamba. Mzee wako, mama Chiriku, kasema mle ndani: 'Chiriku, lala salama mwanangu, baiskeli yako nitaitengeneza.' Nikaona nisikae nao."

Chiriku akaweka kijiko chini. "Umekula jina langu?"

"Nilikuwa na njaa, mwanangu. Nilipojua ni lako nilikuwa nimeshameza."

"Lilikuwaje?"

Mwalimu alifikiri. "La moto," alisema. "Na tangawizi kwa mbali."

Mtoto alilia mpaka akalala na viatu. Kesho yake mama aliomba ruhusa dukani, akaenda kwa mwenye mgahawa. Alikuwa mtu mwema. Alimvutia kiti, akampa chai, akamuuliza habari za nyumbani.

"Mbaya," alisema mama. "Mpe mume wangu siku moja kwa wiki. Jumapili. Mtoto anazungumza na baba yake kwa njia ya tambi."

"Nakuelewa, shemeji, mimi pia nina watoto. Lakini Jumapili ndiyo watu wanakuja kumsikiliza. Kuna mjane huja kula kuku wa pilipili ili tu awepo mwanamume wa kulalamika mezani. Nikimwondoa mumeo nitauza nini? Wali mtupu?"

"Uza chakula. Si mgahawa huu?"

"Chakula siku hizi kila mtu anacho kwenye chupa, shemeji."

Alipolitamka neno chupa, akatazama dari. Mama aliona wazo likimwingia, nalo halikuwa lile alilokuja nalo yeye.

Haukupita muda, sosi ya mgahawa ikaanza kuuzwa madukani, kwenye chupa ndefu yenye picha ya mpishi mnene anayecheka. Baba Chiriku ni mwembamba. Mwenye mgahawa aliwatumia ya kwao bure, imefungwa utepe, akapiga simu kuhakikisha imefika.

"Sasa mtakuwa naye saa zote," alisema, na alifurahi kwa dhati.

Mama alipika kuku kwa sosi ile. Ilipoanza kuchemka, sauti ya baba Chiriku ikatoka kikaangoni, wazi, ya upole, bila utani wowote:

"Bosi, naomba Jumapili moja tu nikakae na mwanangu."

Ikachemka tena, ikarudia. Ndiyo maneno aliyokuwa akiyasema siku walipopika pipa la kwanza, na kwa kuwa pipa lilikuwa moja, chupa zote zilisema hivyo hivyo.

Kulikuwa na joto na madirisha ya jengo zima yalikuwa wazi. Wakati wa chakula, kuanzia ghorofa ya chini hadi ya juu, sauti ilisikika ikiomba Jumapili moja, hapa ikikaangwa na nyama, pale ikimiminwa juu ya wali. Mwalimu alisema ni sosi nzuri, ina adabu. Wengine waliona chumvi imezidi. Mwenye mgahawa naye aliitumia kwake. Aliisikiliza mpaka mwisho, mbele ya wanawe, akaagiza pipa linalofuata lipunguzwe vitunguu saumu.

Jumapili asubuhi mama alikuwa anafua. Chiriku alipanda kiti, akachukua chupa, akafungua kifuniko, akasogeza midomo yake kwenye mdomo wa chupa.

"Nimekupa ruhusa, baba," alisema. "Kaa."

Baba yake alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Alisikia. Akarudi, akambusu utosini, akakifunga kile kifuniko kwa nguvu ili sosi isimwagike, akaenda kazini.