Ukoo wa Whitcombe

Mzee Josiah Whitcombe alipofariki pale Burumba, bintiye Brendah alijua swali litakalokuja: huyu ni wa ukoo gani? Kwao, jeneza halishuki kabla mtu wa ukoo hajasimama kutaja baba za marehemu.

Miaka mitatu Brendah alikuwa amelifuatilia jina hilo. Lilimfikisha kwa barua hadi Uingereza, kwenye kijiji kimoja cha bondeni, na watu wa huko wakamtumia hata picha za makaburi yao. Lakini babu yake Petro, aliyeandikishwa kwa jina la mzungu aliyemwajiri, alikufa mapema bila kumwambia mtu jina la baba yake. Kilichojulikana ni kwamba alitokea upande wa Marachi. Jina gani hilo, linakufikisha Ulaya halafu linakuacha nje ya boma lenu!

Siku ya maziko hakuna aliyesimama. Mchungaji alikohoa, akatazama saa. Brendah akasogea kaburini.

“Josiah, mwana wa Petro,” akasema.

Watu wakangoja. Majina mengine kumi na mawili alikuwa nayo kichwani, yote ya wazungu wa kijiji kile.

Brendah akayaacha, akaashiria jeneza lishushwe, akachota udongo.