Tangi la Pili

Mwanabaraka hakuwa mwanamke wa kupekua mifuko ya mumewe. Kazi hiyo aliwaachia wake wa wauza nguo. Mume wake yeye alikuwa na pikapu, basi alipekua pikapu. Kila Abdulrazaki aliporudi kutoka Rungwa, akishavua viatu tu na kuingia kuoga, mkewe alichukua ufunguo mezani, akatoka uani, akakaa kwenye kiti cha dereva na kuuzungusha ufunguo nusu, mpaka mshale wa mafuta uinuke. Akautazama mshale ule kama wenzake wanavyotazama kola ya shati.

Na mshale ulimtia kichaa. Mume ameondoka Singida na tangi limejaa pomoni. Amekwenda mpaka Rungwa, kule mwisho wa dunia, porini kwa warina asali, kisha amerudi. Kwa haki ya Mungu tangi lingekuwa kavu. Lakini mshale ulisimama juu ya nusu, unamcheka.

Jibu alilijua, na ndilo lililomuuma. Lilikuwa Itigi, na jina lake Redempta.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Asali na nta, vitu ambavyo zamani vilikuwa na mnunuzi mmoja tu, sasa alinunua yeyote mwenye gari na moyo wa kupita porini. Abdulrazaki, mtoto wa duka la vitenge pale Singida mjini, alijipatia pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika, akageuka mtu wa asali. Gari lilikuwa zima, ila tangi lake dogo. Lilimfikisha Rungwa, likamrudisha mpaka nje kidogo ya Itigi, hapo mshale unalala. Kubeba madumu ya akiba haikuwezekana, maana asali hushika harufu. Ukiiweka karibu na dizeli safari moja tu, mnunuzi wa mjini anafungua pipa, anakunja pua, na safari yako yote imekwenda bure.

Basi alijaza Itigi. Na Itigi dizeli iliuzwa kwenye mapipa, uani kwa Redempta, mjane wa mfanyakazi wa reli. Siku nyingine mapipa yalikuwa matupu, na Abdulrazaki alilala huko akingoja yajazwe.

"Mke wangu, nifanyeje?" alikuwa akisema. "Gari haliendi kwa maji ya kisima."

Angeishia hapo, mkewe angeweza kuvumilia. Lakini alikuwa na tabia ya kusifu. Redempta hachanganyi dizeli na mafuta ya taa. Redempta ana kipimo cha haki. Redempta siku ile mvua iliponyesha aliwapikia madereva wote ugali wa mtama na mlenda. Mwanabaraka alimpikia mume huyu pilau ya kila Idi tangu ujana wake, na hakuwahi kusikia pilau ile ikisifiwa nusu ya mlenda wa Itigi.

Wivu ukamkaba. Hakuna neno jingine la adabu la kuuita. Akifua alimwona Redempta, akichambua mchele alimwona Redempta, na katika mawazo yake mwanamke yule alikuwa mwembamba, mweupe wa meno, ana mwendo wa maringo kati ya mapipa yake. Ndugu walimwambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Badala ya kumtuliza wakawa wamemmwagia petroli.

Siku moja akakata shauri. Kumkataza mume asisimame Itigi hakuwezi, kwa kuwa hawezi kukataza gari lisiishiwe. Lakini gari lisipoishiwa, atasimama kwa sababu gani? Akavua bangili mbili za dhahabu alizopewa na mama yake, akaziuza, akaenda gereji kwa Andrea.

"Fundi, nataka tangi la pili. Gari liende Rungwa na kurudi hapa bila kuomba tone kwa mtu."

Andrea, ambaye hakuwa na tabia ya kuuliza wake za watu maswali, alipata tangi la lori lililopinduka, akalikata, akalichomelea upya, akalifunga chini ya bodi na kuweka koki. Tangi la kwanza likikauka, dereva anafungua koki, anaendelea.

Abdulrazaki alipooneshwa alisimama mdomo wazi. Akainama kulitazama, akaligonga kwa kidole, likaitika. Kisha akamtazama mkewe kwa macho ambayo Mwanabaraka hakuyaona tangu arusi yao.

"Umeuza bangili za mama kwa ajili ya safari zangu?"

"Nakuonea huruma na njia ile," alisema, na hakuona haya hata kidogo.

Safari ya kwanza Abdulrazaki alirudi mapema, bado jua liko juu. Mwanabaraka alikwenda kwenye gari, akazungusha ufunguo. Mshale umelala chali. Hajawahi mwanamke kufurahia tangi tupu namna ile. Usiku ule alipika pilau bila Idi, akaimba jikoni kwa sauti, na majirani wakadhani ana mimba. Safari ya pili ikawa vilevile.

Safari ya tatu alichelewa siku moja. Ya nne siku mbili.

Alizungusha ufunguo, mshale umelala vilevile. Tangi halikusema uongo. Hakutia dizeli ya Itigi hata kikombe. Basi alilala wapi, na alilala akingoja nini?

"Njia mbaya," alisema Abdulrazaki, na safari hii hakumsifu Redempta. Hakumtaja kabisa. Mwanabaraka angetoa bangili nyingine asikie zile sifa za kipimo cha haki.

Mume alipoondoka tena, akampa muda wa kufika huko mbele, kisha akasema anakwenda Manyoni kumwona ndugu yake mgonjwa. Akapanda basi mpaka Manyoni, na pale akapata lori la chumvi liendalo Itigi. Njia nzima alipanga matusi. Aliyaanza kwa yale madogo ya kufungulia mlango, akamalizia kwa yale ambayo mwanamke wa nyumba yake husikia tu, hayasemi. Alipoteremka, vumbi limemjaa mpaka kope, yalikuwa yamekaa sawasawa kinywani.

Uani kwa Redempta watu watatu walikuwa wakingoja zamu na madumu yao. Katikati, kando ya pipa, mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira vya mvua alikuwa akivuta dizeli kwa mpira, akatema, akafuta mdomo kwa kiganja, akacheka. Hakuwa kijana. Hakuwa mweupe wa meno, na moja halikuwapo. Hilo lilimuudhi Mwanabaraka kuliko angekuta malaika. Mwanamke mzuri angeulaumu uzuri wake. Huyu angemlaumu nini?

"Karibu dada, pole na safari," Redempta alisema. "Kaa kwenye kigoda hicho, hicho kingine kina dizeli. Unangoja gari?"

"Nangoja," alisema Mwanabaraka. Tusi la kwanza lilikuwa tayari, lakini alitaka kwanza kusikia. Wivu ndivyo ulivyo, hauondoki mezani kabla ya kushiba. "Naona una wateja wengi. Madereva hawakusumbui, mwanamke peke yako?"

Redempta akacheka mpaka mpira ukamponyoka.

"We dada we! Dizeli ikiwa haba, kila dereva mchumba wangu. Mwenye tangi tupu ana maneno matamu kuliko asali anayobeba. Anataka apimiwe wa kwanza, basi. Ukimjazia humwoni tena mpaka siku ikimwishia. Nimewazoea."

"Wote?"

"Wote. Hata huyu mmoja wa Singida, mtu wa asali, miaka mingi alikuwa akinibembeleza nimkubali. Nikamwambia, baba, wewe unataka dizeli, nenda kwenye foleni." Akainua dumu, akampokeza mwenye nalo. "Sasa juzijuzi hapa alipita mara mbili bila kusimama. Nikasema, si unaona? Amepata mafuta kwingine, mapenzi yamekwisha. Mara ya tatu huyo, kasimama. Nikachukua mpira wangu. Akasema, Redempta, weka chini. Akanionesha chini ya gari. Matangi mawili, dada! Yanamtosha mpaka kwake Singida. Alikuwa hana haja nami hata ya kijiko, na bado kasimama."

Akatazama viatu vyake kama msichana.

"Siku hiyo nikamwamini. Mwezi ujao tunakwenda bomani kuoana. Padre ameninunia, lakini atazoea."

Mwanabaraka alihisi ardhi ya Itigi inamzunguka. Miaka yote ile mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akimlindia mume, kwa kutomwamini tu, na yeye mwenyewe, kwa dhahabu ya mama yake, ndiye aliyemwondolea shaka. Aliona uchungu na aibu, na wivu wake haukupungua hata kidogo.

"Ana mke huyo," alisema.

"Anaye, na ndiye aliyenimaliza kabisa. Nilimuuliza, mkeo je? Akasema tangi hili kanunua yeye, kauza na dhahabu yake ili mumewe asipate taabu njiani. Nikasema, mwanamke wa namna hiyo! Mimi nisingeweza. Huyo hana wivu hata chembe, nitakaa naye."

"Ni mimi niliyelinunua," Mwanabaraka alisema.

Redempta hakuelewa mara moja. Alimtazama usoni, akatazama vumbi la safari kwenye baibui yake, kisha akaiweka chini polepole faneli ya kumiminia dizeli. Akafuta mikono kwenye kanga, upande huu na upande huu, akapiga magoti palepale penye dizeli iliyomwagika.

"Shikamoo, dada."

Watu wa madumu waligeuka kutazama. Mwanabaraka akayatafuta matusi yake. Yalikuwepo yote, kwa mpangilio wake, lakini shikamoo ya mke mdogo haijibiwi kwa tusi, na mwanamke aliyepiga magoti mbele ya watu hasimami mpaka aitikiwe. Machozi yakamtangulia.

"Marahaba," alisema, na palepale akajua kuwa amemwozesha mumewe kwa mdomo wake mwenyewe.