Maua Yenye Dawa

Wadudu weupe, wenye unga unga wa kunata, walipokivamia kichaka cha haibiskasi cha Bibi Khairunissa pale Milimani, Selpha alianza kwa upole. Alipunguza matawi, akaosha majani kwa maji ya sabuni, moja moja, juu na chini. Wapi! Wakarudi na jamaa zao. Asubuhi hiyo akachukua dawa ya nyanya iliyobaki shambani kwake, akanyunyizia kila tawi mpaka likadondoka maji.

Bibi mwenyewe, ambaye Selpha alimfanyia kazi za nyumba na bustani, alikuwa na desturi ya kuchuma maua yale mekundu, kuyachemsha na kuyanywa kwa ajili ya presha. Kwa hiyo Selpha alimwonya kabla ya kutoka.

"Mama, hiyo maua leo nimeweka dawa."

"Dawa? Vizuri sana, Selpha! Wewe mtu muzuri," bibi alisema, akitabasamu mpaka meno ya bandia yakaonekana yote.

Selpha akabeba kikapu chake, akaenda sokoni Kibuye kununua samaki.

Huko Aloo, muuza samaki aina ya ngege, alimuuliza hali ya bibi. Selpha akajibu kwamba hajambo, tangu aanze kunywa yale maua halalamiki tena.

"Kumbe hiyo maua ndio dawa yake," Aloo alisema huku akipara magamba.

Moyo wa Selpha ulifanya paa! Yeye alimaanisha dawa ya wadudu. Bibi alisikia dawa ya presha. Mtu gani hutabasamu vile akikatazwa kinywaji chake? Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na Selpha alikuwa amejikwaa pabaya. Alipiga simu. Ikalia, ikalia, ikakatika. Akamwacha Aloo na kisu mkononi, akarukia bodaboda.

"Enda mbio, ndugu yangu!"

"Kwani kuna nini, mathe?"

"Enda tu!"

Njia nzima alimwona bibi akilini mwake, amelala sakafuni, povu mdomoni. Kisha, na hili lilimtia aibu, alijiona yeye mwenyewe yuko seli, na Alnoor, mwana wa bibi, akiwaambia polisi kwamba mfanyakazi ndiye pekee aliyekuwa na mama. Nani angesikiliza habari za wadudu?

Aliingia jikoni hata viatu hajavua. Bibi alikuwa ameketi mezani, mzima. Mbele yake kulikuwa na vikombe viwili vya maji mekundu, vyote vimejaa.

"Mimi nangoja wewe," bibi alisema. "Wewe pia nasema kichwa nauma. Leo iko dawa, tunakunywa pamoja." Akainua chake.

"Usikunywe!"

"Kwa nini? Si dawa..."

"Si dawa, Mama! Ni sumu! Mimi nimeweka sumu!"

Neno lile hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba ile. Mfanyakazi hasemi sumu jikoni mwa watu. Kikombe kilianguka, maji yakatapakaa. Bibi hakuwa ameonja hata tone. Selpha nusura alie kwa furaha. Alinyoosha mikono amshike, maana bibi alikuwa anatetemeka.

Bibi akarudi nyuma mpaka ukutani. Aliikodolea macho mikono ile iliyomvalisha nguo asubuhi, na kwa sauti ndogo akaanza kumwita Alnoor.