Mita ya Pikapu ya Yonathani

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, injini ya pikapu ya Yonathani ilikuwa imelazwa juu ya tairi bovu kwenye gereji ya fundi Aliko pale Mlowo, nyuma ya ghala la mahindi. Gia boksi ilikuwa pembeni, imefunikwa kiroba. Betri ilikuwa imepelekwa kuchajiwa. Pikapu yenyewe ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo manne, na Yonathani alikuwa ndani, kwenye kiti cha dereva, kwa sababu nje hakukuwa na pa kukaa.

Swali lililompeleka pale lilikuwa moja: gari litengenezwe au libadilishwe. Nyumbani kwake Iyula jambo hilo walishalizungumza na kulimaliza. Walikuwa yeye, mkewe Enesi, mtoto wao Deus kwa simu kutoka Tunduma, na mzee mmoja wa kanisa aliyeitwa awe shahidi. Walikubaliana hivi. Fundi akisema gari limechoka, litauzwa kwa mtu wa ng'ambo ya mpaka ambaye Deus alishampata, Yonathani atachukua kigari kidogo, na fedha itakayobaki itaongezwa kwenye ile ya kahawa, Enesi apelekwe Mbeya akatibiwe nyonga. Nyonga ya kulia daktari aliipiga picha, akasema imesagika, haitengenezeki tena, ni ya kubadilisha. Lakini fundi akisema gari bado lina maisha, basi fedha ya kahawa itaingia kwenye injini, na nyonga itasubiri. Mzee wa kanisa aliomba, wakasema amina.

Aliko hakuchukua muda. Aliingiza kichwa dirishani, akasoma mita ya kilomita.

"Mzee, mimi sikudanganyi. Laki nne na elfu thelathini na nane. Gari la namna hii ukiziba hapa linatoboka pale. Ningekuwa wewe ningempigia Deus sasa hivi."

Yonathani alitoa simu. Hakuwa na furaha, maana pikapu ile alikuwa nayo tangu mwaka tisini na nane, na Iyula nzima walimsifu kwa kutunza gari. Alikuwa anatafuta jina la Deus kwenye simu alipoona tarakimu ya mwisho ya mita, ile nyeupe, inapanda taratibu na kuipisha nyingine.

"Aliko," akasema, "mita inatembea."

Aliko akarudi akijifuta mikono. Akaangalia. "Inatembea," akakubali.

"Injini si iko pale chini?"

"Iko pale chini."

Aliko akachomoa waya wa mita. Mita ikatembea. Akaing'oa kwenye dashibodi, akaiweka kwenye benchi katikati ya nati na spana, na pale kwenye benchi nako ikatembea. Akasema wanywe chai kwanza. Walikunywa chai wakiiangalia. Ilikwenda mwendo wa polepole, haikukimbia, na kila baada ya muda ilisimama kidogo kama mtu anayehamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine. Aliko alisema katika miaka yake ya ufundi ameona mita za kukwama na mita za kurudishwa nyuma na madalali, ila ya hivi ni ya kwanza. Kisha akaendelea kuosha kabureta.

Saa saba na robo mita ilisimama, na Enesi akaingia gereji. Alikuwa ameleta kadi ya gari ambayo mumewe aliisahau, ameifunga ndani ya khanga pamoja na viazi vya kuchemsha. Alikuwa amekuja kwa mguu kutoka Iyula, kwa sababu gari lilikuwa gereji. Alikuwa na mazoea ya kuja kwa mguu hata gari likiwa nyumbani.

Aliko alimtazama, akatazama mita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi."

"Samahani mama, hebu nenda mpaka pale kwenye nguzo ya umeme, urudi."

Enesi alikwenda akichechemea mpaka kwenye nguzo, akarudi. Tarakimu nyeupe iligeuka mara moja.

"Nenda tena."

Alikwenda tena. Ikageuka tena. Alipoambiwa mara ya tatu aliuliza, "Kwani mnatafuta nini?"

"Tunapima gari, mama," akasema Aliko, na Enesi akaenda.

Baada ya hapo kazi ikawa ni ya chaki tu. Aliko aliandika ukutani. Pikapu ilinunuliwa ikiwa na laki moja na ishirini. Yonathani alitajiwa mwaka mmoja mmoja, naye akataja safari zake: Mlowo siku za mnada, kanisani mvua ikinyesha, Vwawa kwa mambo ya ofisi, misiba miwili kule Msangano, Tunduma kumwona Deus. Walizidisha wakawa wakarimu, na bado haikuzidi elfu sabini. Zilizobaki, kilomita laki mbili na elfu arobaini na nane, hazikuwa zake.

Wakamwuliza Enesi. Enesi hakujua hesabu ya kilomita, alijua njia. Akataja kisima, mara tatu kwa siku. Kuni. Shamba la mahindi la kule bondeni. Mashine ya kumenya kahawa, kila jioni ya msimu, na ndoo kichwani, kwa sababu matunda ya kahawa yanavuja maji matamu na maji yale yanakula bati, hivyo Yonathani hakuyaruhusu kwenye bodi. Akataja mlima wa kutokea mtoni, ambapo yeye hushuka ili gari lisilemewe, halafu hufuata nyuma na gogo mkononi, likirudi nyuma aliweke kwenye tairi. Yonathani alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila jambo. Hayo ndiyo matunzo yenyewe aliyosifiwa.

Aliko akapiga mstari chini ya hesabu. "Inaingia," akasema.

Josephat, fundi wa kuchomelea aliyekuwa chini ya lori jirani, akatoa kichwa. "Mzee, kumbe ulitaka kuuza zima ubaki na bovu."

Watu wakacheka. Enesi naye alicheka kidogo, kwa heshima ya ugeni.

"Kwa hiyo gari lenyewe lina ngapi?" akauliza Yonathani.

"Lenyewe? Laki na tisini."

"Si bichi hilo?"

"Bichi kabisa. Ringi, gasketi, bomba la oili, unaondoka."

Yonathani alitazama ule ukuta muda mrefu. Kisha akamnyooshea mkewe kidevu. "Na huyu?"

"Huyo mimi si fundi wake, mzee."

Lori la shaba lilinguruma barabarani likielekea Dar es Salaam, vumbi likatulia. Enesi alikuwa amekaa juu ya tairi, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, akimenya kiazi.

"Tulisema likichoka, baba Deus," akasema.

"Tulisema."

"Sasa halijachoka."

"Halijachoka, mama Deus. Umesikia mwenyewe."

Enesi akampa kiazi.

Deus alipigiwa simu. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, ya mita, ya nguzo na ya chaki, wala hakubisha hata moja. Akauliza tu, "Sasa baba, mama je?"

"Mama yako yupo hapa, mzima," akasema Yonathani. "Amekuja kwa mguu."

Fedha ya kahawa iliingia kwenye ringi na gasketi. Mzee wa kanisa aliyekuwa shahidi aliletewa hesabu iliyonakiliwa kwenye karatasi, akaisoma mara mbili, akaona makubaliano hayakuvunjwa popote. Habari ilipofika kwa akina mama wa kwaya, watatu kati yao waliomba kuonyeshwa mita za vyombo vya waume zao. Zebedayo, mume wa mmoja wao, aliziba ya pikipiki yake kwa plasta ya jeraha, akasema imevunjika kioo.

Siku hizi pikapu iko nyumbani Iyula, chini ya upenu, na mita imerudishwa mahali pake. Inawaka kwa mguso mmoja hata asubuhi za baridi ya mwezi wa saba. Jioni Yonathani anapenda kukaa ndani yake. Haendi popote. Anaangalia mita, na amekuwa mjuzi wake. Mtu akija kuulizia, anamjibu bila kutoka garini: "Mama Deus? Sasa hivi anapita kwa Getruda." Na ni kweli, anapita kwa Getruda.

Jumatano iliyopita ilikuwa zamu yao kwenye mashine, na matunda yalikuwa mengi. Saa kumi na mbili kasoro Yonathani aliona mita imepunguza mwendo. Alijua ni mlimani. Tarakimu nyeupe ilipanda nusu, ikakaa pale, nne ikiwa inaondoka na tano haijafika. Alingoja. Kuku walipanda kulala. Kutoka upenuni mpaka mlimani, kwa gari, si mwendo wa kumaliza wimbo mmoja. Akashika ufunguo. Aliifikiria bodi, ilivyopakwa rangi mpya ya kijani, na maji ya kahawa yanavyotafuta maungio ya bati. Alikaa hivyo, mkono kwenye ufunguo, macho kwenye mita, mpaka ukungu ukashuka uwanjani.

Tano ikapanda, ikakaa sawasawa.

Yonathani akatoa mkono kwenye ufunguo, akafunga kioo ili vumbi lisiingie, akaenda ndani kungoja chakula.