Sinia la Thabit

Mwaka ule wa 1970 jarida la Mahfoudha lilikuwa na nakala sita tu, maana ya saba ilitoka kwenye kaboni ukungu mtupu. Wanawake wa Maskati waliotoka Unguja walilipitisha nyumba hadi nyumba chini ya mabuibui, likirudi lina madoa ya halua.

Toleo la nne lilizua zogo kabla halijatoka. Mahfoudha aliandika kwamba si kweli watu ni mafungu mawili tu, kila fungu na kazi zake tangu tumboni. Mfano wake ulikuwa Thabit, mpishi wa harusi, asiyejihesabu mwanamume wala mwanamke. Aliingia kwa wanawake pasi na mtu kujitanda, akapita kwa wanaume akasalimiwa. Lakini sinia hakuwekewa huku wala huko.

"Ufute," alisema shangazi wa Mahfoudha, Bi Kheiria, mwenye taipureta. "Mashine nnayo moja, siitoi ikatutia aibu."

"Aibu gani, shangazi? Pilau yake si mnaila?"

"Pilau haisomwi mtaani, we mtoto!"

"Basi jarida na life, lakini sifuti."

Thabit alikuwa uani akichambua mchele. Mahfoudha akamwita ndani amsomee mbele ya shangazi, apate shahidi; akaja na ungo wake. Alisoma kwa majivuno mpaka pale pasemapo, "Thabit hula jikoni peke yake kama yatima."

"Yatima!" Thabit aliangua kicheko. "Nakula jikoni kwa sababu ya ukoko, mwanangu. Nikitoka tu, mnaumaliza." Kisha akaweka ungo chini. "Wanaosema watu ni mafungu mawili hawajaniuliza. Nawe hukuniuliza. Na wewe, Bi Kheiria, nimekupikia harusi tatu. Uliwahi kuniuliza nitakaa wapi?"



 Mahfoudha akaichana makala yake, ile aliyoapa hataifuta, akapachika karatasi mpya kwenye mashine. "Haya, sema mwenyewe."

"Andika: Mimi Thabit sijapotea njia ya kwenda kwa wanaume, wala ya kwenda kwa wanawake. Hapa nilipo ndipo kwangu. Na sinia nataka, lakini nitachagua mimi wa kula naye."

Bi Kheiria akaunyoosha mkono kwenye taipureta. Mahfoudha aliikumbatia kwa mikono miwili.

"Niachie," shangazi alisema, akaivuta mpaka dirishani. "Hapo pana kiza. Utamkosea tena."