Wiki Tano Bila Choo

Mimi nyoka siwapendi, na sitaanza leo. Lakini binti yangu Nerys ni fundi wa mitambo melini, na alipopata safari mwezi wa kumi na moja, alimleta chatu wake, Idwal, na sanduku lake la kioo, akaliweka sebuleni kwetu mjini Aberdare. Akamwambia mama yake, "Mama, mpe panya mmoja kila wiki mbili." Mimi hakuniambia kitu. Aliniangalia tu, nami nikajua anawaza nini.

Nerys alipokuwa na miaka tisa, nilimgawa mbwa wake kwa mtu mwingine, yeye akiwa shuleni. Mbwa huyo alikuwa anatafuna viatu vyangu vya kazi. Miaka ishirini imepita, na hajanikabidhi hata ua la kumwagilia maji.

Ilipofika wiki ya Krismasi, Idwal alikuwa hajapata choo tangu siku mbili baada ya Nerys kuondoka. Karibu na mkia alikuwa amevimba kama soksi iliyotiwa yai.

"Amefunga choo," mke wangu Mair akasema. "Gwilym, huyu akifa je?"

"Nyoka hukaa mwezi mzima bila kwenda."

"Wiki tano! Wewe ukikosa siku mbili tu, nyumba nzima hatulali."

Sikucheka. Idwal akifa, Nerys hataamini maishani kwamba si mimi niliyemmaliza. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na aliyemtafuna mtoto wangu ni mimi.

Nikampigia simu daktari wa mifugo. Swali lake la kwanza: "Kijamvi cha umeme anacholalia kina joto?"

"Kinalo," nikajibu upesi.

"Umekigusa?"

Nikakigusa. Baridi tupu. Nikaufuata waya nyuma ya sanduku hadi ukutani, na pale pa kuchomeka kijamvi nikakuta taa za mti wa Krismasi. Nilizichomeka mwenyewe tarehe mosi, nikachomoa waya mweusi niliodhani ni wa redio mbovu. Wiki tatu mti wetu umemetameta, na mnyama amelala kwenye baridi na panya tumboni! Nyoka asipopata joto hawezi kusaga chakula. Hilo hata mimi nilikuwa nalijua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Rudisha joto," daktari akasema. "Msimlishe. Muogesheni maji ya vuguvugu dakika ishirini kila siku, yasimfunike kichwa. Asipopata choo mpaka Ijumaa, mleteni. Huenda tukampasua."

Jumanne, hola. Jumatano, hola. Alhamisi Mair alikwenda kununua nyama ya supu, nikabaki nimepiga magoti bafuni mbele ya beseni, mkono mmoja chini ya tumbo la Idwal. Sikuwa na la kumwambia, kwa hiyo nikamwimbia wimbo wa kanisani, kwa sauti ya nne, ile nzito.

"Baba?"

Nerys alikuwa mlangoni na begi begani. Meli yao ilikuwa imewahi kufika kwa siku mbili.

"Unamfanya nini?"

Ningeweza kudanganya. "Nilichomoa joto lake nikachomeka taa za mti," nikasema. "Ni mimi, si mama yako. Sikukusudia, Nerys. Yule mbwa nilikusudia, na nilikosea."

Hapo hapo nikasikia kitu kinasogea chini ya kiganja changu. Kikatoka kipande cheupe, kigumu kama chaki, kisha nyuma yake vyote vya wiki tano. Harufu yake, Mungu wangu!

"Ametoa!" nikapiga kelele. "Nerys, ametoa! Mwanamume, hongera!"

Nerys aliziba pua na kucheka, kisha akalia, kisha akakunja mikono ya sweta na kupiga magoti kando yangu. Tukamsuuza Idwal pamoja, tukamfunga taulo. Mkia ulikuwa umenywea, nami nilihisi kama ni tumbo langu lililofunguka.

"Mwezi wa pili naondoka tena," akasema bila kunitazama. "Utakaa naye?"

"Mama yako akikubali..."

"Nimekuuliza wewe, Baba."

Nikaitikia kwa kichwa. Akanipa Idwal nimbebe. Nikanyoosha mkono kufungua dirisha, kwa ile harufu, kisha nikaliacha. Nje kulikuwa na baridi.