Yusra Aomba Mwamba Mrefu

Kesho ingekuwa siku ya bamvua, maji ya kukupwa mpaka miguu ya Mwamba Mrefu ionekane, na akina mama walishanoa visu vya kuchokolea chaza. Hilo ndilo lililomkosesha raha Yusra, binti aliyesomea viumbe vya baharini kule Pemba ya Msumbiji kisha akarudi kwao Palma. Maji aliyoyateka pale mwambani yalikuwa na vichanga vya chaza, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vinatafuta ganda la kujishikiza. Visu vikipita kesho, vitajishikiza wapi? Alitaka mwamba uachwe mpaka mwezi wa mfungo uingie na kupita.

"Nionyeshe," aliambiwa na bibi yake, Bi Zena, ambaye wachokoaji wote wa chaza humfuata yeye. "Nikimwona mtoto wa chaza kwa macho yangu, Mwamba Mrefu hauguswi na kisu. Nisipomwona, mke mwenzangu, kesho tunakwenda, na kapu langu unabeba wewe."

Basi baada ya swala ya alasiri wakajaa barazani: Bi Zena, Mama Delfina mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, na wenzao. Picha zilikuwa zimetumwa na maabara ya Pemba, zote ndani ya faili moja. Yusra akalibofya kwenye kompyuta yake. Programu yake ya kuchambulia picha ikamjibu kwa mkato: faili la aina hii silijui.

Kumbe faili la vipimo si kama picha ya harusi. Ndani lina vyumba vyumba, na programu haiwezi kuingia mpaka iongezewe kijiprogramu kingine, plagini, kinachojua njia. Akaanza kuishusha kwa simu. Mtandao nao ulikuwa wa kujikokota. Ule mstari wa buluu ulisogea kidogo ukasimama, kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni.

"Dotora," akasema Mama Delfina akimtania msomi wao, "twende tukapike kwanza?"

Yusra akaona watu wanakusanya leso zao. Bila kufikiri akapaza sauti: "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia wote, wakaketi tena. Nani pwani ile ataondoka na kitendawili hakijajibiwa?

"Nyumba yangu ina vyumba vingi na haina mlango. Atakaye kuingia aje na mlango wake."

"Kobe!"

"Kobe ana mlango, ndiko anakotolea kichwa."

"Tumbo la Mama Delfina!"

"Hilo lina mlango," akajibu Mama Delfina mwenyewe, "tena haufungwi."

Wakataja mzinga, wakataja kaburi, wakataja nanasi. Wapi!

"Mmeshindwa," akasema Yusra. "Nipeni mji."

"Chukua Awasse, ukae pale njia panda ule vumbi."

"Sitaki."

"Haya, Mocímboa na bandari yake."

"Sitaki. Nataka Mwamba Mrefu."

Bi Zena akamtazama mjukuu wake kwa jicho moja, kisha akaanza kucheka taratibu. "Huyu ni babu yake mtupu! Haya, umepewa. Lakini jibu tulione. Ukishindwa kutuonyesha, mji unarudi, na makapu yote unabeba wewe, siyo langu peke yake."

Simu ikalia. Plagini imeshuka. Yusra akaihamishia kwenye kompyuta, akaizima programu na kuiwasha upya, akabofya faili. Likafunguka! Vikajipanga vyumba kwa majina. "Nyumba ndiyo hii," akasema, "na mlango wake ni plagini." Akachagua cha kwanza.

Kioo kikawa cheusi tii.

"Watoto wa chaza wamelala," akasema Mama Delfina. "Wamezima na taa."

Wakavunjika mbavu. Bi Zena akalisukuma kapu lake mpaka miguuni pa Yusra. Yusra akaongeza mwanga, weusi ukawa kijivu cha punje punje, basi. Ndipo akasoma jina la chumba alichofungua: *escuro*, giza. Akajipiga kipajini.

"Bibi, hili ni giza kweli! Kule maabara huifunika kamera kwanza, wakapiga picha ya giza, ili wajue kamera yenyewe ina uchafu gani."

"Mnapiga picha giza?"

"Ndiyo, bibi."

"Mkalifuata mpaka Pemba?" akauliza Mama Delfina, akalala kabisa mkekani kwa kicheko. "Na hapa umeme ukikatika tunalo la kugawa!"

Yusra naye akacheka. Akafungua chumba cha pili.

Vikatokea. Viduara vyeupe kama kioo, kila kimoja na maganda mawili na vinyweleo vya kuogelea ukingoni. Alipozipitisha picha moja baada ya nyingine, vikawa kama vinapumua. Bi Zena akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mdogo hivi," akanong'ona, "na mdomo keshaufumba." Akavuta kapu lake, akatia kisu ndani, akakifunika kwa leso. "Kesho tunakwenda Mwamba Mfupi. Mrefu ni mji wa mtu."

Kesho yake maji yalipokupwa, Mama Delfina alisimama mpakani kabisa pa Mwamba Mrefu, kapu kichwani, akapaza sauti ya kusikika mpaka Tanzania:

"Hodi, mwenye mji! Hata chaza mmoja wa mchuzi?"

"Umekuja na mlango wako?" akauliza Yusra, aliyekaa juu ya mwamba.

Mama Delfina akajipapasa kiunoni, akatazama ndani ya kapu, akaguna, akageuza njia.